Picha ya Mwisho Iende Polepole

Wifi yake aliingia dukani bila hodi, akaweka mkoba wake juu ya kaunta, palepale kwenye fremu za miwani zilizokuwa zikisubiri kufutwa, akasema amekuja na jambo la heri.

Shangazi alikuwa nyuma ya mashine ya kusagia lenzi, vumbi jeupe limemjaa mikononi. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri, kwa sababu binti wa kaka yake alikulia pale dukani akimwita hivyo kwa sauti ya kuvuka barabara, na jina likaganda. Alizima mashine, akausogeza mkoba taratibu, akaokoa fremu zake.

"Kaka yako anatimiza sitini," wifi alisema. "Tunamfanyia sherehe ukumbini. Keki ipo, wageni wapo, mpiga muziki yupo. Kilichobaki ni sinema."

"Sinema?"

"Ya familia, wifi yangu. Ya picha za zamani. Lakini sitaki zile za picha inapita, picha inapita, kama tangazo la sabuni. Nataka zitembee. Siku hizi kuna programu za kompyuta, unaiwekea picha ya marehemu, marehemu anakukonyeza."

"Marehemu anikonyeze mimi ana shida gani?"

Wifi alicheka mpaka bangili zikalia. Alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi, na hata siku ile Shangazi hakuweza kusema kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ameolewa na hadithi fulani, akaiamini, akaivaa kama pete.

"Albamu zote za mama unazo wewe," aliendelea. "Na una mkono wa vitu vidogovidogo. Tafuta programu nzuri, jaribu hii na ile, utakayoona inafaa ndiyo hiyo hiyo. Ila kitu kimoja. Ile picha ya kaka yako anamhudumia mama hospitali, ile aliyoituma kwenye kundi la familia, unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Iweke ya mwisho. Na iende polepole. Nataka watu walie."

Shangazi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. Angeweza kukataa. Kazi zilikuwa zimemjaa, na kila mtu angeelewa. Lakini kitu kilichokuwa kimelala kifuani mwake tangu siku ya mazishi kiligeuka upande, kikafumbua jicho.

"Sawa, wifi," alisema. "Watalia."

*

Kaka yake aliitwa Mheshimiwa. Hakuwahi kuwa mbunge, wala diwani, wala mwenyekiti wa kitu chochote zaidi ya kamati za harusi, lakini alikuwa na kitambi cha cheo, suti za cheo, na kile kikohozi kifupi ambacho watu wenye cheo hukohoa kabla ya hotuba. Watu walianza kumwita hivyo kwa utani. Yeye akaitika bila utani.

Mama yao alipopatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, Mheshimiwa aliitisha kikao cha familia, akakohoa, akasema mama ni jukumu la wote. Baada ya kikao wote wakaenda makwao, na mama akaenda kwa Shangazi. Chumba cha kulala kikawa cha mama. Shangazi akahamia sebuleni kwenye kochi. Alijifunza kumgeuza mtu mzima bila kumuumiza. Alijifunza kumlisha kwa kijiko kidogo, upande wa mdomo uliokuwa bado na nguvu. Duka lilifunguliwa kwa kuchelewa na kufungwa mapema, na baadhi ya wateja wakahamia kwingine. Mheshimiwa alipita mara mojamoja. Akija, gari liliachwa likinguruma nje, na kabla kiti hakijapata joto alikuwa ameshaangalia saa.

Mama hakumlaumu. Jioni alikuwa akimwomba Shangazi amshikie simu karibu na mdomo ili amtumie mwanawe ujumbe wa sauti. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalisikika.

"Mwanangu, ni mama. Leo utapita? Sina shida, nataka kukuona tu. Ukichelewa utanikuta nimelala. Uniamshe."

Ujumbe ulikwenda. Mheshimiwa alijibu kwa picha ya kidole gumba. Na ile alama ndogo pembeni, inayogeuka buluu mtu akishasikiliza, ilibaki kijivu. Jioni nyingine, ujumbe mwingine, kidole gumba kingine, kijivu kilekile. Shangazi hakumwambia mama. Alimwambia, "Amesikia, mama, amesema yuko njiani." Uongo huo aliubeba mwenyewe, na ulimchoma kuliko uchovu wote.

Mwisho mama alilazwa. Siku ya mwisho yenyewe Mheshimiwa alifika wodini, akampiga picha mama na yeye mwenyewe, akaituma kwenye kundi la familia na maneno "Nikimhudumia mama," kisha akamwambia dada yake, "Nenda nyumbani ukaoge, ubadilishe nguo. Mimi nipo." Shangazi akaenda. Aliporudi, pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda.

Mazishini Mheshimiwa alikohoa, akasimama mbele ya watu. "Nilimshika mkono mpaka pumzi ya mwisho," alisema. "Akanitazama, akaniambia: mwanangu, umenitunza." Watu waliangua kilio. Wazee walimpigapiga mgongoni. Shangazi naye alilia, tena alilia kwa shukrani, kwamba angalau mama hakuondoka peke yake.

Kisha, siku mojawapo, mwanamke aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani alikuja dukani kutengeneza miwani. Walikumbatiana, wakaulizana hali. Na yule mwanamke, kwa nia njema kabisa, akasema anasikitika mpaka leo kwamba hakuweza kushuka kitandani.

"Kushuka ufanye nini?"

"Si alikuwa peke yake, mwanangu. Kaka yako alitoka na simu yake, akaenda kule kwenye magari. Nilimwona dirishani. Mama akawa anahangaika. Mimi mguu wangu ulikuwa umening'inizwa. Nikaita nesi, nikaita, mpaka nesi anafika, mama ameshakata roho. Mama yako hakuwa hata na mtu wa kumfumba macho."

Shangazi alitengeneza ile miwani, akamfungia vizuri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi ndani, akajifungia chooni, akauma kitambaa cha kufutia lenzi.

Alijaribu kumwambia baba mdogo. Baba mdogo alimsikiliza nusu, akasema, "Usituletee maneno, mama. Aliyekufa kafa. Kaka yako kaongea vizuri, familia imepata heshima." Basi akanyamaza. Nani angemwamini? Mheshimiwa alikuwa ameshavishwa taji, na ukoo mzima ulikuwa umevaa miwani ya mbao.

*

Kwa hiyo wifi alipoagiza sinema, Shangazi aliifanya kazi ile kama mtu anayenoa kisu.

Alikuwa akishusha mlango wa duka nusu mchana wa Jumapili, anaweka kompyuta juu ya kaunta, na albamu za mama pembeni. Alizipiga picha upya moja moja: baba na mama mbele ya nyumba ya kupanga, Mheshimiwa mtoto akiwa na suruali ya kaptura iliyomfika kwapani, yeye mwenyewe amebebwa akilia. Kisha akaanza kutafuta programu.

Ya kwanza ilikuwa ya bure, ya kwenye simu. Unaweka picha, unasubiri, na mtu aliye pichani anapepesa macho na kugeuza shingo. Alimwekea baba yake. Baba, ambaye maisha yake yote hakugeuka haraka hata akiitwa na polisi, alianza kuzungusha kichwa kama kuku anayetafuta punje. Juu ya hayo, programu ilimgonga muhuri wake wa tangazo katikati ya paji la uso. Shangazi alicheka peke yake dukani. Akaifuta.

Ya pili ilikuwa ya kulipia, lakini ilitoa siku chache za kujaribu. Hii haikupepesa macho tu, ilimtabasamisha kila mtu. Picha ya mazishi ya bibi, watu wote wamevimba macho, ikawa watu wameonyesha meno kama wanatangaza dawa ya mswaki. Mama aliwekewa meno kamili, yeye aliyeishi na pengo la mbele tangu usichana na kulipenda, maana alisema ndilo lililomnasa baba. Hiyo nayo akaifuta.

Ya tatu ilimfanya akae wima.

Ilikuwa programu ya kuzungumzisha picha. Unaipa picha ya uso, unaipa sauti ya mtu, kisha unaandika maneno unayotaka. Picha inayasema kwa sauti ile ile. Shangazi alisoma maelezo mara mbili ili ahakikishe. Sauti alikuwa nayo: jumbe zote zile za jioni zilikuwa bado kwenye simu yake. Moyo ulianza kumdunda kama wa mwizi.

Alichagua picha nzuri ya mama, ile ya kitambulisho. Akaweka sauti. Akaandika: Mwanangu, uliniacha peke yangu ukawadanganya watu.

Akabonyeza, akasubiri.

Mama alifumbua mdomo, akayasema yote, neno kwa neno, kwa sauti yake.

Utamu uliomjia Shangazi haukuwa wa kawaida. Alimwona Mheshimiwa pale meza kuu, kitambi kimenywea, wageni wamegeuka. Alirudia. Akarudia tena. Akaandika jingine, kali zaidi: Wewe si mwanangu. Mama akalisema na hilo, bila kusita, kama mtu anayesoma matangazo ya redio.

Katika kurudia ndipo alipoliona jicho. Jicho la kushoto la mama lilikuwa na mtoto wa jicho, ukungu mweupe ambao Shangazi mwenyewe, fundi wa miwani, alimsihi kwa miaka akautoe na mama akakataa kwa kuogopa kisu. Kwenye picha ya kitambulisho ukungu ule ulionekana. Kwenye sinema haukuwepo. Programu ilikuwa imelitengeneza jicho, likang'aa kama la msichana, na kwa macho hayo mawili mapya mwanamke ambaye Shangazi hakumjua alikuwa akimkana Mheshimiwa.

Mama hakuwahi kumkana mtu. Hata neno "uongo" alikuwa akilizunguka, alikuwa akisema "hapo umeteleza." Na sasa yuko hapa, amewekewa maneno kinywani. Shangazi aliguna. Maneno ya kuwekewa marehemu kinywani alikuwa ameshayasikia mahali: makaburini, baada ya kikohozi.

Alifuta kila alichokuwa ameandika. Hasira haikupungua hata chembe. Ilikosa tu mahali pa kupitia.

*

Ya nne ilikuwa ya zamani, imekaa ndani ya kompyuta siku zote bila yeye kujua. Haikumgusa mtu aliye pichani. Unachora kisanduku kimoja juu ya picha pa kuanzia, unachora kingine pa kumalizia, na programu inatembeza jicho la mtazamaji kutoka pale mpaka pale, haraka au polepole unavyotaka. Ndiyo hayo tu. Aliona inachosha. Lakini Jumapili ilikuwa inakwisha na sherehe inakaribia, basi akaanza kuijaribu na picha ya kwanza iliyomjia mkononi, ambayo ilikuwa ile ya hospitali.

Picha hiyo kila mtu kwenye ukoo alikuwa nayo. Mheshimiwa mbele, ameinamia kamera, tai imenyooka, tabasamu la majonzi. Nyuma yake mama juu ya mito. Watu waliijibu siku ile kwa dua na mioyo myekundu. Shangazi naye aliijibu.

Alichora kisanduku cha kuanzia kwenye uso wa kaka yake. Cha kumalizia akakichora pembeni, ili tu aone kinavyosogea. Akabonyeza.

Uso wa kaka ulijaa kioo, ukaanza kuondoka upande. Likaja bega. Ukaja mto. Ukaja uso wa mama, na mama hakuwa akimtazama mwanawe wala kamera. Alikuwa akitazama chini, pembeni. Ukaja mkono wake, ule mmoja uliokuwa bado mzima, umenyooshwa mpaka vidole vimetengana. Kisha ikaja kabati ndogo ya kitandani. Mahali ambapo Shangazi alikuwa akiweka glasi ya maji kila mara, karibu na mkono, palikuwa na funguo za gari. Glasi ilikuwa imesukumwa mpaka ukingoni, mbali.

Mama alikuwa akiomba maji.

Shangazi aliangalia mara ya pili akiwa amesimama. Picha hiyo alikuwa ameitazama mara ngapi? Wote waliitazama. Uso wa Mheshimiwa ulikuwa mkubwa mno pale mbele, hakuna aliyepita nyuma yake.

Hakulia. Alivuta kiti, akakaa, akakirekebisha kisanduku cha mwisho mpaka kikazibana vizuri glasi, funguo na ncha za vidole. Kisha akapunguza mwendo. Akapunguza tena.

*

Binti wa kaka alipita Jumamosi akitoka kazini, ofisi ya bima, kuja kuchukua sinema aipeleke kwa fundi mitambo wa ukumbi. Alikuwa msichana mkubwa sasa, mwenye mkoba wa ngozi na haraka za watu wa ofisini, lakini akiingia pale bado alikuwa akivua viatu.

"Niione kwanza, Shangazi."

"Utaiona huko huko."

"Shangazi, mimi?"

Akamwonyesha. Msichana alicheka kwenye kaptura, akatulia kwenye picha za babu. Ilipofika ya mwisho alisogea karibu na kioo. Sauti ya mama ilikuwa chini ya ile picha, sauti yake halisi, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa: Mwanangu, ni mama. Leo utapita?

Sinema ilipokwisha binti hakugeuka.

"Baba anajua?"

"Si picha yake? Ameipiga mwenyewe."

"Shangazi." Machozi yalikuwa yameanza kumshuka. "Ni baba yangu."

"Na huyu ni mama yangu."

Mteja alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akaenda zake. Mwishowe msichana alivaa viatu, akaichukua flashi yenye sinema, akaitia kwenye mkoba.

"Unaweza kuitupa njiani," Shangazi alimwambia. "Sitakuuliza."

Binti alifunga zipu ya mkoba, akatoka.

*

Ukumbi ulikuwa umefunikwa vitambaa vyeupe na dhahabu. Mheshimiwa alikaa meza kuu amevaa suti mpya ya rangi ya majivu, wifi pembeni yake anang'aa. Shangazi aliwekwa meza ya nyuma karibu na jiko, pamoja na dereva na mpiga muziki, na hilo pia aliliandika moyoni.

Kabla ya sinema Mheshimiwa aliombwa aseme mawili matatu. Alikohoa. Akasema mawili matatu hayo kwa muda ambao ungetosha watu kula wakashiba. Na akafika pale pale. "Leo nina huzuni moja tu, kwamba mama hayupo. Lakini nilimshika mkono. Mpaka pumzi ya mwisho. Akaniambia, umenitunza."

Shangazi, aliyekuwa na wasiwasi tangu asubuhi, aliyekaribia kumfuata binti amwambie aizuie ile flashi, alisikia wasiwasi wote ukimtoka. Alijiegemeza kwenye kiti.

Taa zikazimwa. Watu walicheka kwenye kaptura. Walipiga vigelegele picha ya harusi ilipopita. Kisha muziki ukakatika, na uso wa Mheshimiwa ukajaa ukuta mzima.

"Oooh," watu wakasema kwa huruma. Wifi alikuwa ameshatoa leso.

Uso ukaanza kuondoka.

Ulikwenda polepole, kama ilivyoagizwa. Bega. Mto. "Mwanangu, ni mama," sauti ikasema, na ukumbi ukashtuka, maana wengi hawakuwa wameisikia tangu alipougua. "Leo utapita?" Uso wa mama ukafika, na jicho lake lenye ukungu. "Sina shida, nataka kukuona tu." Ukafika mkono. Watu waliacha kujifuta machozi. Walikuwa wanainama mbele. "Ukichelewa utanikuta nimelala." Zikafika funguo za gari, kubwa kama mlango. Na mbele yazo glasi ya maji, imejaa, haijaguswa.

"Uniamshe."

Picha ikasimama hapo. Haikuzimika. Shangazi aliiwekea isimame mpaka mtu aje aizime, na hakuna aliyekwenda.

Ukumbini palikuwa kimya mpaka friji la jikoni likasikika. Kisha mtu mmoja, dada wa baba yao, mzee asiyesikia vizuri na kwa hiyo asiyejua kunong'ona, akauliza:

"Kwani maji alimpa?"

Shingo zote ziligeukia meza kuu. Mheshimiwa alikuwa amefumbua mdomo. Alikohoa. Kikohozi kikatoka, hotuba haikutoka. Akakohoa tena. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukazigusa funguo za gari, ukaruka kama umeguswa na moto. Kisha akainuka na kutoka kwa mlango wa pembeni, koti limenaswa kwenye kiti, kiti kikamfuata hatua kadhaa kabla ya kuanguka.

Shangazi alitazama yote hayo kutoka meza ya nyuma, na asingemdanganya mtu: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia. Alikula chakula chake chote, na kipande cha keki.

*

Wifi alimpigia kesho yake, akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Alimwita mchawi, akamwita mwenye kijicho. "Kwenye sherehe ya mtu! Mbele ya wageni!" Shangazi alimwacha amalize.

"Nimeweka picha uliyoniagiza, wifi. Mahali ulipoagiza. Kwa mwendo ulioagiza."

Simu ilikatwa, na wifi hajampigia tena mpaka leo.

Ukoo uligawanyika. Wapo waliosema Mheshimiwa alipata alichostahili. Wapo waliosema, na baba mdogo ndiye aliyeongoza, kwamba hata kama ni kweli, mambo ya ndani humalizwa ndani. Shangazi alimuuliza baba mdogo ndani kwenyewe ni wapi, maana yeye alipokwenda huko alifungiwa mlango. Baba mdogo akasema ana mgeni, akakata.

Utamu ule nao haukukaa. Siku za mwanzo aliurudia kichwani kila akisaga lenzi: koti, kiti, ule mdomo uliokuwa wazi. Baadaye, kila akifika mwisho wa kumbukumbu ile, kulikuwa na mkono tu, umenyooshwa, na yeye yuko nyumbani anaoga. Hilo hakuliweka kwenye sinema, na hakuna programu ambayo ingempeleka pale kwa wakati.

Mheshimiwa alikuja dukani siku ya kazi, mchana, kwa miguu. Hakuwa na suti. Alisimama mbele ya fremu za wanaume kama mteja, akachukua moja, akairudisha.

"Nimezisikiliza," alisema. "Zile sauti. Zilikuwa zote kwenye simu yangu."

Shangazi hakuzima mashine.

"Nilikuwa kwenye gari," aliendelea kwa sauti ya juu kushinda mashine, kwa hiyo hata fundi viatu wa nje akasikia. "Maongezi ya simu yaliisha mapema. Sikurudi ndani. Nilikaa tu. Niliogopa."

Sasa aliizima. "Uliogopa nini?"

"Kumwona vile. Anavyohangaika. Nikajiambia nitarudi akishatulia." Aliigusa tena ile fremu. "Akatulia."

Walitazamana. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza Shangazi aliona kwamba kaka yake amezeeka na macho yake yamepungua nguvu. Alikuwa akikunja uso ili amwone. Kitu kidogo ndani yake kilitaka kulainika. Alikikamata, akakirudisha mahali pake.

"Mimi nilikuwa nalijua hilo," alimwambia. "Hukuja kwa mtu wa kuambiwa. Wale uliowahutubia ndio hawajui."

"Dada, nimeshaaibika vya kutosha."

"Umeaibishwa na mimi. Wewe mwenyewe bado hujasema kitu."

Aliondoka bila kuaga. Shangazi alifikiri ndiyo basi. Lakini jioni moja ya wiki iliyofuata, kwenye kundi lile lile la familia, uliingia ujumbe wa sauti wa Mheshimiwa. Hakukohoa. Alisema mama alikufa peke yake, yeye akiwa ndani ya gari. Kwamba maneno yale ya "umenitunza" aliyatunga njiani kwenda mazishini. Na kwamba aliyemtunza mama alikuwa dada yake. Ulikuwa mfupi. Hakuna aliyejibu kwa dua wala moyo mwekundu. Wifi alijitoa kwenye kundi. Binti aliandika neno moja tu, "Asante baba," kisha akampigia Shangazi.

Tangu hapo Mheshimiwa hupita dukani Jumapili. Huleta matunda, hukaa kwenye benchi la wateja, na mara nyingine hushika ufagio bila kuambiwa, akafagia vibaya. Shangazi humwacha. Siku moja, akiwa amepiga magoti anaokota skrubu za fremu zilizomwagika, alimuuliza bila kuinua kichwa kama amemsamehe.

Shangazi alifikiri sawasawa, kwa sababu swali lilikuwa la kweli.

"Bado," alisema. "Na nyingine imeingia chini ya kabati, ile pale."